Refundi ya SARS Si Akiba: Rekebisha Fomu Kabla Hujatuma Nyumbani

Leo tunaziacha kidogo habari za ada za kutuma hela, tuongee jambo ambalo kila tukikutana Point Road au Albert Park linatajwa kwa kunong'ona: fomu ya kodi iliyojazwa vibaya, na refundi iliyoingia kwenye akaunti kwa sababu ya hiyo fomu. Msimamo wetu tunausema mapema. Ukishajua fomu yako ina kosa, irekebishe mwenyewe, hata kama kurekebisha kutakutoa hela. Na mpaka umalize kurekebisha, hiyo hela usiitume nyumbani.

Tunajua kuna watakaosema tumelogwa. Nani anajipeleka SARS kwa miguu yake? Na sisi tulisema hivyohivyo, mpaka yalipotufika.

Sisi ni mume na mke. Tuna cherehani nne kwenye chumba cha kupanga, si mbali na Point Road (ramani inasema Mahatma Gandhi Road, lakini mpigie mtu simu umwelekeze hivyo uone kama atafika). Tunashona vitenge, sare za kwaya, mapazia, na kupunguza suruali za watu. Kitambaa tunachukua Grey Street. Biashara iko kwa jina la mama wa nyumba, si kampuni, ni yeye mwenyewe na nambari yake ya kodi. Kwa hiyo kila mwaka anajaza ritani ya mtu binafsi, ile ITR12, sehemu ya mapato ya biashara.

Au tuseme alikuwa anajaziwa. Kulikuwa na kaka mmoja, ana printa na laptopu, anajaza fomu za watu wengi pale mtaani. Bei yake ilikuwa tamu: hulipi kitu mpaka refundi iingie, halafu anachukua asilimia 20. Kwa ritani ya mwaka wa kodi wa 2024, yaani kuanzia tarehe 1 Machi 2023 hadi 29 Februari 2024, tulimpelekea taarifa ya benki na mfuko wa risiti. Akapitisha kidole kwenye karatasi, akaona kila mwisho wa mwezi kuna hela inakwenda Kigoma. Mama mkwe, ada za watoto wa marehemu shemeji, dawa. Jumla randi 42,000. Akasema, "Haya ni matumizi, dada. Yametoka kwenye biashara, si ndiyo?" Tukasema ndiyo. Na kweli yalikuwa yametoka kwenye biashara. Akayaweka kwenye mstari wa gharama nyingine.

Hesabu yenyewe tuiweke wazi, maana bila namba maneno haya yanakuwa hadithi. Mauzo ya mwaka yalikuwa randi 312,000. Kitambaa, nyuzi, pango, umeme na mafundi wa cherehani ni 148,000. Faida ya kweli 164,000. Kodi ya daraja la kwanza ni asilimia 18, ambayo ni 29,520, ukitoa nafuu ya kila mtu ya mwaka ule, 17,235, inabaki kodi 12,285. Tulikuwa tumeshalipa 8,000 kwa awamu mbili za IRP6, Agosti na Februari. Kwa hiyo tulidaiwa 4,285 zaidi. Lakini kaka yetu alipotoa ile 42,000, faida ikashuka hadi 122,000, kodi ikawa 4,725 tu, na SARS wakaturudishia 3,275. Akachukua 655 yake. Sisi tukabaki na 2,620, na kabla ya Ijumaa ilikuwa imeshageuka mabati Kigoma.

Tulifurahi, hatutaficha. Mtu akikupa randi elfu mbili na mia sita ambazo hukuzitegemea, humuulizi maswali.

Maswali yalikuja Machi 2025, tena si kutoka SARS. Tulikwenda benki kuomba mkopo mdogo wa mashine ya ovaloki. Wakataka notisi ya makadirio na fomu yenyewe. Dada wa benki, mpole tu, akaweka kalamu kwenye ule mstari akauliza: hii elfu arobaini na mbili ya gharama nyingine ni ya nini? Tukatazamana. Hakuna aliyejibu. Mkopo hatukupata siku ile, lakini swali tulirudi nalo nyumbani.

Basi tuelewane hapa, maana tumegundua nusu ya watu tunaowafahamu wanadhani kama kaka yule. Sheria ya Kodi ya Mapato ya Afrika Kusini, ile namba 58 ya 1962, inakuruhusu kutoa gharama ulizotumia kuzalisha mapato ya biashara. Nyuzi zinazalisha gauni. Pango linaweka cherehani mahali. Mama mkwe, tunampenda, hazalishi gauni. Hela unayotuma nyumbani ni matumizi yako binafsi, sawa na chakula cha jioni na nauli ya kwenda kanisani au msikitini. Unaituma baada ya kodi. Inauma, hasa kwa mtu anayelisha watu tisa ambao SARS hawawaoni, lakini ndo ilivyo. Na ukiona mtu anakuambia risiti za kutumia hela nyumbani zinapunguza kodi ya biashara, jua anakuuzia kitu.

Sasa, kurekebisha. Kitu cha kwanza kilichotukwamisha hakikuwa fomu, ilikuwa simu. Akaunti ya eFiling ilifunguliwa kwa nambari ya simu na barua pepe ya kaka yule. Kila neno la siri la mara moja lilikuwa linaingia kwake. Yaani nyumba yetu, funguo zake. Ilibidi tuweke miadi SARS, tuende na pasipoti, uthibitisho wa anwani na wa akaunti ya benki, tubadilishe mawasiliano. Ilituchukua karibu wiki tatu. Kama leo hutafanya lolote jingine tunalolisema hapa, hili fanya: hakikisha ujumbe wa eFiling unaingia kwenye simu iliyo mfukoni mwako.

Baada ya hapo kazi yenyewe ilikuwa fupi mno, tukajiona wajinga kwa hofu tuliyokuwa nayo. Unaingia eFiling, unafungua ritani ya mwaka husika, kuna kitufe kimeandikwa Request for Correction. Ukibonyeza, fomu yako ileile inafunguka na namba zako za zamani. Unasahihisha ule mstari tu uliokosewa, unahakiki mengine, unatuma tena. Tulifuta 42,000. Notisi mpya ya makadirio ikatoka: tunadaiwa 7,560, yaani ile 4,285 tuliyopaswa kulipa tangu mwanzo na ile 3,275 tuliyopewa kimakosa, pamoja na riba. Tukaomba kulipa kidogokidogo, humohumo kwenye eFiling kuna ombi la mpango wa malipo. Miezi sita, randi 1,260 na riba yake kila mwezi.

Kwa miezi sita Kigoma walipata nusu. Simu za miezi ile hatutazisimulia.

Kuna watu walitucheka. Rafiki yetu mmoja, ana saluni, alisema: SARS wana walipakodi mamilioni, nani angewaona ninyi na mabati yenu? Pengine hakuna. Lakini mtazame alichokuwa anacheza nacho. Kuna tofauti kubwa kati ya kosa ulilolitaja wewe na kosa walilolikuta wao, na tofauti hiyo imeandikwa. Sheria ya Usimamizi wa Kodi, namba 28 ya 2011, ina jedwali la adhabu. Ukionekana hukuchukua uangalifu wa kawaida, ni asilimia 25 ya kodi iliyopungua kwa kosa la mara ya kwanza. Ukionekana huna msingi wowote wa ulichodai, 50. Uzembe mkubwa, 100. Kukwepa kwa makusudi, 150, na ukirudia 200. Kwetu sisi asilimia 50 ya 7,560 ingekuwa randi 3,780 juu ya deni. Kwa mtu mwenye duka kubwa, zidisha mwenyewe.

Hapa tuwe waangalifu tusiwadanganye kwa upande mwingine. Kubonyeza kile kitufe hakukupi kinga ya moja kwa moja. Sheria inasamehe adhabu pale kosa lilipokuwa la kupitiwa, la nia njema, na mtu anaweza kubishana na wewe kama lako lilikuwa hivyo. Kinga iliyoandikwa rasmi iko kwenye mpango wa kujitaja kwa hiari, unaojulikana kwa herufi VDP. Huo unaombwa kwa fomu yake, lazima useme yote bila kubakiza, na lazima uwahi kabla hawajakuambia wanakukagua. Ukikubaliwa, kwa makosa mengi adhabu inashuka hadi sifuri, hata kwa kukwepa makusudi inakuwa asilimia 10, na hushtakiwi kwa jinai. Kodi na riba unalipa. Maoni yetu: kosa dogo la mwaka mmoja kama letu, kile kitufe kinatosha. Lakini kama ni miaka minne ya mauzo yaliyofichwa kwenye akaunti ya shemeji, usibonyeze kitu peke yako usiku ukiwa na hasira. Tafuta mtaalamu, zungumza naye VDP kwanza.

Na muda una maana. Ukishapata barua ya uhakiki, una siku 21 za kazi za kupeleka nyaraka, na hapo bado unaweza kupata nafasi ya kusahihisha. Ikishakuwa ukaguzi kamili, kitufe hakipo tena. Ndiyo maana tunasema refundi usiitume. Hela inaweza kuingia leo na barua ikaja baadaye, na wewe hela yako imeshakuwa ukuta, imeshakuwa mahari, imeshakuwa mbegu za mahindi. Mabati hayang'olewi.

Lile neno jingine la rafiki yetu ndilo gumu zaidi, na hatulipuuzi. Alisema: hawa watu hawatutaki, kwa nini tuwalipe kwa uaminifu? Sisi tulikuwepo Durban Aprili 2015, tunakumbuka watu waliolala kwenye mahema baada ya ya Isipingo. Tulikuwepo Julai 2021, maduka yakivunjwa siku baada ya siku, ya wenyeji na ya wageni. Mtu aliyefunga duka lake kwa mabati na mikono inatetemeka, ukimwambia habari ya uzalendo wa kodi atakuona huna akili. Nasi hatumwambii hivyo. Hatulipi kodi kwa sababu tumependwa.

Tunalipa kwa sababu sisi wageni tunaishi kwa karatasi. Mwenyeji akigombana na SARS, anagombana na SARS tu. Mgeni akigombana na SARS, ugomvi unamfuata benki, kwa mwenye nyumba anayetaka kuona mapato, kwa shule au kanisa linalotaka pini ya hali ya kodi kabla ya kukupa tenda ya sare. Na siku ukichoka, ukitaka kuuza biashara na kurudi na mtaji wako, benki itakuuliza hela hii ilitoka wapi. Jibu zuri ni ritani zako za miaka iliyopita, zikiwa zimenyooka. Baada ya ile Julai pia tuliona: aliyekuwa na orodha ya mzigo na ritani za nyuma alikuwa na kitu cha kuweka mezani kuonyesha hasara yake. Aliyekuwa ameandika mauzo ya uongo miaka yote, angedai vipi kuibiwa mzigo ambao kwa maandishi yake mwenyewe hakuwahi kuwa nao?

Tena si kila kosa ni la kuiba. Kuna mama mmoja anauza nguo za mitumba karibu na Warwick, yeye alilipa kodi zaidi. Aliyemjazia alichukua kila kilichoingia benki akakiita mauzo. Ndani yake kulikuwa na randi 30,000 za mchezo, zamu yake ya kupokea, na 12,000 alizokopeshwa na kaka yake. Jamani, mkopo si mapato. Na zamu yako ya mchezo ni hela zako mwenyewe ulizochanga zinarudi. Marekebisho yanafanya kazi pande zote, naye akarekebisha na kupungukiwa kodi. Kama SARS wangekataa, angekuwa na haki ya kuweka pingamizi. Tangu Machi 2023 muda wa pingamizi ni siku 80 za kazi kutoka tarehe ya makadirio, awali zilikuwa 30. Ila ujue kwamba kuweka pingamizi peke yake hakusimamishi deni, unatakiwa kuomba kivyake malipo yasimamishwe. Na kama tatizo ni SARS wenyewe kuchelewa au kutokujibu, ukishamaliza njia yao ya malalamiko kuna ofisi ya Tax Ombud, haitozi kitu.

Wale wenye nyumba za kupangisha kwetu nanyi mjiangalie. Ukikaa hapa zaidi ya siku 91 mwaka huu, na zaidi ya 91 kila mwaka kwa miaka mitano iliyotangulia, na jumla ya miaka hiyo mitano ikipita siku 915, kikodi wewe ni mkazi, na pango la Mbagala linatakiwa kutajwa Durban. Afrika Kusini ina mkataba na Tanzania wa kuzuia kodi mara mbili, na Kenya, Uganda na Kongo pia wanayo mikataba yao, kwa hiyo tunza risiti za TRA. Hili lina mambo mengi, tutalirudia siku nyingine.

Kuhusu wanaojaza fomu, tutasema tulichojifunza kwa gharama. Anayejaza ritani za watu kwa malipo anatakiwa awe amesajiliwa SARS na kwenye chama cha kitaaluma kinachotambulika. Nambari yake inaanza na PR. Muombe. Akikasirika, umeshapata jibu lako. Na anayelipwa asilimia ya refundi ana sababu ya kuikuza refundi, hata akiwa mtu mzuri, hata akiwa wa kwenu kijijini. Yule kaka hatumchukii, alitujazia kwa kujiamini kabisa. Lakini tulipompigia kumwambia kosa, alisema maneno ambayo hatutayasahau: "Fomu si yangu, dada, jina ni lako." Na kisheria alikuwa sahihi. Ile 655 hakuirudisha.

Siku hizi mama anajaza mwenyewe, Jumapili mbili, chai mezani. Risiti tunazitunza miaka mitano tangu tarehe ya kutuma ritani, kama sheria inavyotaka, kwenye ndoo ya rangi yenye mfuniko, kwa sababu tangu mafuriko ya Aprili 2022 hatuamini tena boksi la karatasi sakafuni. Kila Jumamosi tunapofunga hesabu, kwanza tunatoa hela ya kitambaa cha wiki inayofuata, halafu tunaweka kitu kwenye bahasha ya IRP6, halafu ndo tunaangalia Kigoma watapata nini. Mpangilio huu ulileta maneno mwanzoni. Mama mkwe aliuliza kama siku hizi SARS ndo mtoto wake wa pili.

Awamu ya kwanza ni mwisho wa Agosti. Bahasha ina randi 900 na inatakiwa iwe na 4,000, kwa hiyo wikendi hii hatutumi. Tumeshapiga simu kuwaambia.